Aliniuliza Mara Moja

Aliniuliza mara moja tu. Alikuwa ameketi mbele yangu, magoti yake yakikaribia kugusa yangu kwa udogo wa chumba, kalamu ameiweka mezani, na macho yake ya kijivu yananitazama kana kwamba nje hakuna foleni ya wanawake wenye matumbo wanaohema na kujipepea.

"Noreen," alisema, "Jumatatu madaktari wana kikao. Ukitaka kusubiri uchungu uje wenyewe, nitaingia mle ndani nikusemee. Nitawaambia mwanamke huyu ameelezwa, ameelewa, na ameamua. Unataka nifanye hivyo?"

Nilitaka. Nikasema, "Aa, hapana, usijisumbue kwa ajili yangu."

Inger, mkunga, aliniangalia kidogo, akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Uamuzi ni wako, nami nauheshimu." Akachukua kalamu yake, akainuka, akanifungulia mlango.

Nilibaki kitini. Yeye alidhani labda mgongo unanisumbua, akaninyooshea mkono aniinue, na mimi nikaushika, nikainuka, nikamshukuru. Nilikuwa namngoja aniulize tena.

Kama hukulelewa na mama yangu, Philomena, huwezi kuelewa nilichokuwa nakingoja. Nyumbani kwetu, na katika nyumba zote za upande ule wa kaunti, mtu hakubali kitu anapoulizwa mara ya kwanza. Ukienda kwa watu ukaulizwa kama utakunywa chai, unasema hapana, ndiyo kwanza umetoka kunywa. Wanakuuliza tena, unasema usihangaike. Wanakuuliza mara ya tatu, huku maji tayari yanachemka na keki imeshakatwa, ndipo unasema haya basi, tone tu, kwa vile umenishikilia. Mama alitufundisha mambo haya ya sitaki-nataka kabla hatujafundishwa Salamu Maria. Nikiwa na miaka sita nilikubali kipande cha keki kwa shangazi Concepta alipotaja tu neno keki, na mama alinifinya pajani chini ya meza hadi nikatokwa na machozi. "Watasema kwetu hatuli," alininong'oneza.

Na mwenye nyumba naye ana wajibu wake. Anayeuliza mara moja akanyamaza amekuonyesha mlango. Kuna familia moja karibu na kanisa ambayo mpaka leo hutajwa kwa kosa hilo. Hakuna anayesema kuwa ni wachoyo. Husemwa tu kwamba kwao huulizwa mara moja, na kila mtu anaelewa.

Kwa daktari mambo ni mepesi zaidi, maana daktari haulizi kabisa. Daktari anakwambia, nawe unajibu, "Sawa kabisa, asante."

Hivyo ndivyo nilivyomzaa Ronan, mtoto wangu wa kwanza. Niliingia hospitali asubuhi nikiwa nacheka na Fintan, mume wangu, tukibishana kama mtoto atachukua masikio yake. Wakanitundikia dripu ya kuharakisha uchungu, wakanifunga mkanda tumboni wa kusikiliza moyo wa mtoto, wakaniambia nilale chali nisijigeuze. Uchungu ukaja, ukapanda, ukanitoa akili. Jioni mlango ukafunguka ghafla, chumba kikajaa watu, na Bwana Tuohy akasimama miguuni kwangu. Kwetu daktari akishakuwa bingwa wa kupasua huacha kuitwa daktari, huitwa Bwana, na Bwana Tuohy alikuwa amezalisha nusu ya kaunti. Alisema na nesi. Alisema na kijana wa ganzi. Mimi hakusema nami. Nilipasuliwa, Ronan akatolewa analia, na mimi nikawa natetemeka meno chini ya taa kama mtu aliyeopolewa mtoni.

Siku ya tatu nilijipa ujasiri nikamuuliza kwa nini. Alinipiga kofi la upole begani. "Mtoto mzima, mama mzima. Tusifukue mambo."

Nikasema sawa kabisa. Kisha nikakaa na swali lile miaka mitatu. Nilipokuwa nakamua ng'ombe lilikuwepo, nilipokuwa Misani lilikuwepo. Sikujua kama mwili wangu ulishindwa, au wao walichoka kungoja, au mtoto alikuwa hatarini kweli. Hakuna aliyekuwa na ubaya nami; kila mtu alikuwa mwema mno. Lakini jambo kubwa kuliko yote lililowahi kunitokea lilikuwa limefanyika kwangu kama vile mimi sikuwepo.

Kwa hiyo nilipopata mimba ya pili nilitaka jambo moja, na nilimwambia Fintan peke yake. Nilitaka safari hii niwepo. Nilitaka kujaribu kuzaa mwenyewe, na kama ikishindikana, basi nijue kwa nini, na niwe nimesema ndiyo kwa mdomo wangu. Tulikuwa pia tunataka watoto wengi. Fintan ametoka katika nyumba ya watoto tisa, na nyumba yetu tuliijenga na vyumba vya kutosha.

Bwana Tuohy aliniona kwa dakika chache. Aliangalia tumbo, akaangalia kalenda. "Tutakutoa huyu Jumanne, wiki ya thelathini na tisa. Ukishapasuliwa mara moja, hiyo ndiyo njia." Nami, mbele yake, nilisema nini? Unakijua nilichosema.

Ni nesi wa mapokezi aliyeniambia kwamba siku hizi kuna mkunga wa Kidenmarki, ameolewa na yule mfuga mbuzi wa mlimani, na kila Alhamisi mchana anakaa na wanawake waliowahi kupasuliwa. "Anazungumza nao tu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja tabia ya ajabu isiyo na madhara.

Kweli Inger alizungumza nami. Alikuwa amelitafuta faili langu la zamani akalisoma lote. Aliniambia Ronan alikuwa amekaa uso ukiangalia juu, kichwa kikakwama, mapigo ya moyo yakaanza kushuka, na kwamba nyonga zangu hazikuwa na kosa lolote. Alichukua ule mwanasesere wa kitambaa wanaofundishia na kunionyesha jinsi mtoto alivyokuwa amegeuka. Nililia mpaka nikaona haya. Miaka mitatu, na maelezo yenyewe hayakuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Kisha akaniwekea njia mbili mbele yangu, zote mbili, bila kuisukuma hata moja. Alisema katika wanawake wanne walio kama mimi wanaojaribu, watatu hivi huzaa kwa njia ya kawaida. Alisema pia kovu linaweza kuachia wakati wa uchungu, si mara nyingi, mmoja hivi katika mia mbili, lakini likiachia ni hatari kwa mtoto na kwa mama, na hapo wanakimbia na wewe chumba cha upasuaji. Alisema kupasuliwa kwa mpango kuna utulivu wake, unajua siku na saa, ila kila kisu kinaongeza kovu, na kwa mwanamke anayetaka watoto wengi kovu juu ya kovu linaweza kuleta shida ya kondo la nyuma kung'ang'ania pale pale.

"Wapo wanaochagua kisu," alisema, "na wakichagua wakijua, nafurahi nao. Wapo wanaochagua kujaribu, nafurahi nao pia. Mimi sina upande."

Nilimpenda mwanamke yule. Nilimpenda kwa namna alivyokuwa hanioni mtoto. Na ndipo aliponiuliza lile swali lake, mara moja, na mimi nikamwambia asijisumbue.

Fintan alikuwa ananisubiri kwenye gari, Ronan amelala kiti cha nyuma na biskuti mkononi, redio inatangaza mechi. Alipunguza sauti.

"Enhe, umemwambia?"

"Ameniuliza kama nataka akanisemee kwa madaktari."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia asijisumbue."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika. "Umefanya vizuri. Ungeonekana una papara. Atapiga simu."

"Atapiga," nikasema.

Usicheke. Tulikuwa watu wazima wawili, tumesoma, tuna mkopo wa benki na ng'ombe thelathini, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kasoro katika mazungumzo hayo.

Simu ilikuwa ukumbini, juu ya kimeza cha simu, na wiki ile sikuwa mbali nayo. Ijumaa alipiga dada yake Fintan. Jumamosi alipiga mtu wa majani ya ng'ombe. Jumapili hata sikwenda Misa, nikasingizia miguu imevimba, nikakaa kwenye ngazi na kitabu nisichokisoma. Jumatatu asubuhi, siku yenyewe ya kikao, Fintan aliingia na buti zake zikichuruzika matope, akasimama akiitazama simu.

"Sikiliza, nimpigie mimi?"

"Usithubutu! Ataona tumemkalia kooni."

"Kweli," akasema. Akarudi zizini.

Mchana mama alikuja. Alileta medali ya Mtakatifu Gerard, ile ile aliyoivaa akiwa na mimba zake zote, pamoja na mkate wa magadi uliofungwa kwa kitambaa. Akaona uso wangu. Mama alikuwa na jicho la kuona lililojificha, ila hakuwa na jinsi ya kuliuliza moja kwa moja, kwa hiyo alizunguka kupitia hali ya hewa, bei ya ndama, na jirani aliyevunjika mguu, hadi nikashindwa kuvumilia nikamwambia kila kitu. Nikamwambia sitaki kupasuliwa, nataka kujaribu, na kwamba yupo mkunga aliyekuwa tayari kunisemea.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Na huyo Mdenmarki, alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Mama aliweka kikombe chini polepole. Niliona huruma inampanda usoni, huruma ya kweli, ile anayomwonea mtu aliyealikwa harusini kwa makosa.

"Basi hakutaka, mwanangu," alisema. "Alikuwa anauliza kwa adabu tu. Usimtie mwenzio matatani kwa Bwana Tuohy. Ana kazi yake ya kulinda."

Ilikuwa kama mtu amezima taa. Maana mama alisema kweli, kwa sheria zote nilizozijua. Mtu aliyetaka kweli angeuliza tena. Nilijiona mjinga kwa kuamini kwamba mgeni yule alikuwa tayari kusimama mbele ya madaktari kwa ajili ya mke wa mkulima. Nikavaa ile medali. Nikala mkate wa mama.

Jumanne asubuhi, nikiwa nasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, Inger alitokea ukumbini akiwa na mafaili kifuani. Alisimama, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Nafurahi kukuona umetulia," alisema. "Umeamua vizuri."

Mpaka leo naweza kukusimulia harufu ya sabuni iliyokuwa mikononi mwake. Ningeweza kusema pale pale. Maneno matatu yangetosha, na kitanda kingegeuzwa. Lakini mimi niliona tu mwanamke mpole anayenifunika aibu yangu kwa adabu, nami nikamjibu kwa adabu. "Niko sawa kabisa," nikasema, na wakanisukuma.

Walinichoma ganzi ya mgongoni, wakaweka pazia. Sorcha alitolewa, mweupe kwa utando, ana sauti ya kuvunja vioo, wakamweka shavuni kwangu. Kwa dakika ile nilikuwa na furaha, sitadanganya. Kisha wakamchukua kumpima, na nyuma ya pazia nikamsikia Bwana Tuohy akimfundisha daktari kijana.

"Njoo uone hili kovu la zamani. Tazama lilivyokaa. Nene, imara. Huyu angesukuma hata ndama."

Wakacheka. Si kwa ubaya. Bwana Tuohy hata alichungulia juu ya pazia, macho yake yanatabasamu juu ya barakoa. "Umesikia, Noreen? Hiyo ni sifa!"

Nikasema, "Asante, Bwana Tuohy."

Nilimwambia asante. Tumbo langu likiwa wazi mbele yake, nilimwambia asante.

Mama alifika alasiri na sandwichi za nyama ya nguruwe, akambeba Sorcha, akamwita malkia, akamtafutia pua ya nani na kidevu cha nani. Mimi nilikuwa nalia bila sauti na alidhani ni maziwa yanashuka. Nilipomwambia maneno ya Bwana Tuohy, alilainisha shuka ambalo halikuwa na kunyanzi.

"Mtoto mzima," alisema mwishowe. "Unataka nini zaidi?"

"Nilitaka kuulizwa mara ya pili, mama."

Alifungua sandwichi akanisukumia, na nilipokataa alinisukumia tena, na tena, mpaka nikala.

Nilikuwa na mimba ya tatu kabla Sorcha hajatimiza miaka miwili. Safari hiyo hakuna aliyeuliza chochote, hata Inger, maana baada ya visu viwili hospitali ile haikuwa na mjadala. Picha zilionyesha kondo limekaa juu ya kovu. Walimtoa Donal mapema, mdogo kama mkate, na kondo likakataa kutoka. Nilitokwa na damu nyingi sana. Nilipozinduka, Fintan alikuwa pembeni ya kitanda na kofia yake mikononi, anaizungusha, anaizungusha, na nikajua kabla hajafungua mdomo kwamba wamenitoa kizazi. Sikuwa nimefika miaka thelathini na tatu. Donal aliishi, na ni kijana mwenye makelele sasa, namshukuru Mungu. Vyumba viwili vya juu havikupata mtu. Kimoja Fintan aliweka friza ya nyama, kingine tunapigia pasi.

Watu walikuja na maua na maneno. Una watoto watatu, wako wasio na hata mmoja. Umepona, shukuru. Niliwashukuru wote. Nilikuwa na hasira iliyonijaa mpaka kwenye meno, na sikujua nimtupie nani.

Inger alikuja mwishoni, wageni walipokuwa wamekwisha. Hakuleta maua. Alivuta kiti, akakaa, akanitazama kwa yale macho yake.

"Pole, Noreen," alisema. Kisha akaongeza, "Mara ile ya Sorcha, ulipochagua upasuaji, nilidhani umeridhika nao."

"Sikuchagua."

"Nilikuuliza kama nikusemee."

"Uliniuliza mara moja."

Hakuelewa. Nilimwona haelewi, na hasira yangu ikapata pa kwenda. Nikamweleza yote, chai na keki na shangazi Concepta, simu ya ukumbini, Fintan na buti zake, mama na kikombe chake. Nikamwambia kwetu hapana ya kwanza haina uzito wowote, hata watoto wanajua, hata mbwa anajua. Nikamwambia nilikaa kwenye ngazi siku nne namngoja. Kadiri nilivyoeleza ndivyo jambo lilivyozidi kuwa la kipuuzi, na ndivyo nilivyozidi kupaza sauti, mpaka mama wa kitanda cha pili akavuta pazia lake.

Uso wa Inger ulikuwa umepauka. "Nilianza kazi kwenye wodi moja kule kwetu," alisema, "ambako wakunga walikuwa wanawauliza wanawake tena na tena mpaka wanachoka na kukubali. Niliona wanawake wakivunjwa hivyo. Nikaapa kwamba mwanamke akiniambia hapana, nitafunga mdomo. Kumuuliza tena ni kumsukuma."

"Mimi nilitaka unisukume."

"Nilikuwa nakuheshimu," alisema, na akaanza kulia.

Nilitaka kumchukia na sikuweza, na hilo liliniuma kuliko yote. Nilimuuliza kama ningejaribu, ningekuwa na kizazi changu leo. Mwanamke mwingine angenidanganya, upande huu au ule. Yeye alijifuta uso akasema hajui. Pengine ningezaa vizuri. Pengine kovu lingeachia na ningempoteza Sorcha. Hakuna anayeweza kujua sasa, alisema, na nikaona kwamba kweli kama ile niliyoipata kuhusu Ronan, safari hii sitaipata.

Baada ya hapo Inger alibadilika. Alianza kuuliza mara tatu. Aliniambia mwenyewe, maana alikuwa anapita kwetu mara moja moja kuleta jibini ya mbuzi ambayo hakuna aliyeila. Akasema ni ajabu jinsi wanawake walivyokuwa. Swali la kwanza wanakataa, la pili wanakataa, kisha wanafungua midomo kwenye swali la tatu, na maneno yanawatoka kama maji. Wengine walitaka kujaribu na walikuwa wanaogopa kusema. Wengine walitaka kisu na walikuwa wanaogopa kuonekana waoga. Alikuwa anang'aa akisimulia. Nilimsikiliza nikiwa napanga nguo, na nilikuwa nafurahi kwa ajili yao, na nilikuwa na wivu mchungu kiasi kwamba nilikunja shati moja mara kadhaa.

Kisha akaja Muireann, mwalimu kijana, aliyesoma mjini na kurudi. Yeye alikuwa ameshafikiri, ameshasoma, ameshaamua: alitaka kupasuliwa kwa mpango. Inger alimuuliza kama angependa kusubiri uchungu, akasema hapana. Akamuuliza tena, akasema hapana. Akamuuliza mara ya tatu. Muireann aliinuka, akatoka, na akaenda kulalamika kwamba mkunga anamlazimisha kuzaa kwa njia asiyoitaka. Na alikuwa na haki. Alikuwa amesema hapana na maana yake ilikuwa hapana, na amesikilizwa kama mtu anayejivunga mbele ya keki.

Wakaitisha kikao cha kumjadili Inger. Aliponipigia simu kuniuliza kama nitakwenda kumtetea, nilisema nitakwenda kabla hajamaliza sentensi.

Haikusaidia kitu. Kabla ya Pasaka alikuwa amerudi Denmark, na mume na mbuzi na kila kitu, na Alhamisi za wanawake waliopasuliwa hazikuendelea tena. Lakini asubuhi ya kikao nilikuwa sijui hayo. Nilivaa koti langu zuri. Waliniketisha mbele ya meza ndefu yenye sahani ya biskuti, mwenyekiti katikati, mwanasheria wa hospitali kushoto, na Bwana Tuohy kulia, ameshazeeka, anakaribia kustaafu. Nilisema yote. Nilisema jinsi Inger alivyokuwa mtu wa kwanza kunieleza kilichonipata, na jinsi alivyoninyamazia kwa heshima, na jinsi alivyojifunza kutoka kwangu kutonyamaza. Nilifika mwisho.

Mwanasheria hakuwa na swali. Mwenyekiti hakuwa na swali. Bwana Tuohy alivua miwani, akaegemea mbele, na akanisemesha kwa ile sauti yake laini ambayo kaunti nzima inaipenda.

"Na wewe mwenyewe, Noreen, wakati wa yule mtoto wa pili. Ulikuwa unataka nini hasa?"

Katika miaka yote ile, kutoka upande ule wa meza, hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo.

"Kujaribu," nikasema. "Nilitaka kujaribu."

Alishangaa. Alishangaa kweli, hakuwa anaigiza. Niliona kwamba jambo hilo halikuwahi kumpitia kichwani hata siku moja. Alitazama mikono yake juu ya meza, kisha akanitazama mimi kwa upole na masikitiko, kama baba.

"Mungu wangu, Noreen," alisema. "Si ungesema tu."

Mwenyekiti alinishukuru kwa kufika, akaniuliza kama barabara ilikuwa nzuri. Nikamwambia ilikuwa nzuri.